Kabla Hujakata Boneti: Njia ya Hewa ya Pikapu na SUV, Hatua kwa Hatua

Mwenye gari akinijia na kusema "fundi, nataka lipumue zaidi," kwanza naomba ufunguo nikaliendeshe. Nikirudi nafungua boneti na kufuata bomba la hewa kwa mkono mpaka linapoanzia. Mara nyingi mdomo wake uko ndani ya madigadi au juu ya rejeta, mahali penye hewa ya baridi. Kiwanda kilishalifikiria jambo hilo. Na mwenye gari yuko mbioni kuling'oa sanduku zima la filta ili aweke filta ya koni iliyo wazi, inayovuta hewa ya moto pembeni mwa manifoldi ya ekzosi. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu nimeona watu wengi wakilipia hasara hiyo.

Hatua ya 1: Taja ugonjwa kabla ya dawa

Andika sentensi moja kwenye karatasi: gari langu linateseka wapi? Ni vumbi la kufuatana kwenye msafara? Ni mito? Ni kupanda mlima na mzigo mpaka linachemsha? Au unapenda tu sura na mlio? Hata sura ni sababu halali, ila kila jibu lina kazi yake. Vumbi linataka mdomo wa hewa upande juu. Maji yanataka njia iliyozibwa kabisa kutoka juu hadi kwenye injini. Joto linataka kwanza ukague rejeta, kifuniko chake, feni na klachi ya feni. Boneti ije baadaye. Nguvu je? Injini ya petroli isiyo na turbo, ambayo kwingine haijaguswa, itakupa kidogo sana kwa kubadilisha njia ya hewa peke yake.

Hatua ya 2: Pima gari likiwa kama lilivyo

Hapa ndipo watu wanaporuka, na hapa ndipo penye faida kubwa kuliko kwingine kote.

Anza na hesabu. Injini ya lita 3.0 ya mipigo minne huvuta ujazo wake mara moja kwa kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, inahitaji hadi lita 5,400 za hewa kila dakika, yaani lita 90 kwa sekunde. Kupitia bomba la milimita 75, hewa hiyo inakimbia kama kilomita 73 kwa saa. Uipitishe kwenye bomba la milimita 50, inalazimika kukimbia kama 165. Turbo ikisukuma bar 1 juu ya kawaida, mahitaji yanakaribia mara mbili. Kwa hiyo usiulize kama bomba "linaonekana nene". Tafuta mahali pembamba kuliko pote katika njia nzima, maana hapo ndipo panapobana.

Sasa joto. Chomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari kwenye tundu la OBD2 (tundu la kuchunguzia gari), fungua joto la hewa inayoingia, ulilinganishe na joto la nje. Kwenye gari lenye turbo, tazama sensa iliyo kabla ya turbo, ambayo mara nyingi imo ndani ya sensa ya kupima wingi wa hewa. Iliyo baada ya turbo itakuonyesha joto la turbo na la kipoza hewa (intakula, kinachopoza hewa iliyosukumwa na turbo), ambalo ni habari nyingine. Soma mara tatu: gari limesimama dakika 10 injini ikinguruma, gari linatambaa kwa giya la kwanza, na gari liko kwenye kilomita 80 kwa saa. Likisimama namba itapanda kwa kila gari, usishtuke. Ile ya mwendo ndiyo yenye neno. Tofauti na hewa ya nje ikiwa chini ya nyuzi 10, mdomo wako wa asili ni mzuri, uache. Ikiwa nyuzi 30, una kazi ya kufanya: hewa ya nyuzi 70 za Selsiasi ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzi 40, na injini hiyo hiyo inapata oksijeni pungufu kwa kiasi hicho.

Cha mwisho ni mbano, yaani jinsi njia inavyoizuia hewa kupita. Huhitaji kifaa cha gharama. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ukunje umbo la U, kila mkono uwe na urefu wa mita moja au zaidi, jaza maji yenye rangi hadi katikati. Unganisha ncha moja kwenye bomba baada ya filta. Dizeli nyingi zina tundu la geji mahali hapo. Mwenzako asome huku wewe ukipanda mlima mguu ukiwa chini. Tofauti ya sentimita 10 kati ya mikono miwili ni karibu kilopaskali 1. Urefu ule wa mita usiupunguze, usije ukainywesha injini maji. Kwenye dizeli nyingi za kazi, filta huhesabiwa imechoka ikifika karibu kilopaskali 6. Ukipata 1 au 2, njia yako haina shida, na hakuna bomba la kung'aa litakalobadilisha chochote.

Hatua ya 3: Filta na sanduku lake

Kwa gari la vumbi mimi naweka filta nzuri ya karatasi, na sibadilishi mawazo kirahisi. Ya pamba yenye mafuta inafuliwa na kutumika tena, lakini ukiipaka mafuta kupita kiasi yanavutwa na kugandia kwenye waya mwembamba wa sensa ya hewa, nayo sensa ikaanza kusema uongo. Ya sponji inashika vumbi vizuri ukiihudumia kwa uaminifu, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Yoyote utakayochagua, tafuta iliyopimwa kwa kipimo cha ISO 5011, kisha linganisha kiasi cha vumbi inachoachia kabla hujatazama hewa inayopitisha.

Jambo moja wengi hawalijui: filta ya karatasi iliyoanza kuchafuka huchuja vizuri kuliko mpya, kwa sababu vumbi lililotangulia linalizuia lile linalofuata. Kuifungua kila wiki na kuipuliza kwa kompresa kunaiumiza. Kila ukifungua unaweza pia kukosea kuikalisha, na vumbi lipitalo ubavuni mwa filta ni msasa ndani ya silinda.

Kama unabadilisha sanduku lote, litazame bomba linaloshika sensa. Bomba la milimita 70 likigeuka 76, eneo lake linaongezeka kwa karibu asilimia 18. Hewa inapita polepole mbele ya sensa, sensa inaripoti hewa kidogo kuliko iliyopo, na injini ya petroli inapewa mafuta pungufu. Kwa hiyo ama ubaki na kipenyo cha asili mahali pa sensa, ama gari lipangwe upya kwenye kompyuta. Lile kopo linaloning'inia kwenye bomba, ambalo watu hulikata wakidhani linaziba, kazi yake ni kunyamazisha mlio. Ukilitoa utapata kelele tu.

Hatua ya 4: Snokeli, na mahali inapovuja

Niliwahi kuletewa pikapu yenye snokeli, lile bomba la kuvutia hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele, nzuri sana, imefungwa kwa ustadi, rangi haijakwaruzwa. Ilizimika katikati ya mto ambao haukufika hata kwenye boneti. Tulipofungua injini tukakuta konrodi moja (mkono wa chuma unaoshika pistoni) imepinda. Hewa inagandamizwa, maji hayagandamiziki. Pistoni ikikutana nayo inapopanda, chuma ndicho kinachokubali. Snokeli haikuwa na kosa. Aliyeifunga aliacha vali ya mpira ya kutolea vumbi chini ya sanduku la filta, na kiungo cha kwenye madigadi kilikuwa kimechomekwa bila klipu. Maji yalipita chini, yakaipita snokeli.

Ndiyo maana nasema snokeli ni kazi ya kuziba kuliko kazi ya kutoboa. Sanduku la filta libadilishiwe gasketi au lizungushiwe silikoni inayofaa injini, na kila kiungo kiwe na klipu ya chuma. Kila tundu la chini lizibwe, na kuanzia hapo ujizoeze kufungua sanduku kulifuta vumbi na unyevu, kwa kuwa halina tena pa kutokea. Halafu pandisha juu mipira ya kupumulia ya difu, giaboksi na transfa, maana snokeli haizilindi hizo. Haiilindi alteneta pia.

Kabla ya kutoboa nguzo ya kioo cha mbele, hakikisha kama ndani yake mna mfuko wa hewa wa pazia (airbag ya pembeni) na nyaya zake. Ukiona maandishi ya kuutambulisha kwenye plastiki ya ndani, usitoboe mpaka umejua unapita wapi, na skrubu zisizidi urefu wa zile za asili.

Jaribio lake ni hili: injini ikinguruma taratibu, ziba mdomo wa juu kwa ubao bapa uliofunikwa mpira, si kwa kiganja. Injini iliyozibwa vizuri italegea na kuzimika ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna kitu, inavuta hewa kwingine, na maji yatafuata njia hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Boneti, kwa kuelewa upepo

Watu wananunua mdomo wa boneti (tundu lililoinuka la kuingizia hewa) wakiamini upepo utasukuma hewa ndani ya injini. Kwa kilomita 80 kwa saa, shinikizo lote la upepo ni kama paskali 300, sawa na sentimita 3 za maji. Hiyo ni asilimia 0.3 ya shinikizo la hewa ya kawaida. Faida ya mdomo huo ni ubaridi wa hewa, na zaidi ni pale unapokaa juu ya kipoza hewa kilicholala juu ya injini, kama kwenye Hilux nyingi za dizeli ya D-4D. Hapo usiuzibe wala usiubadilishe kwa wa urembo tu.

Kutoa joto ni hesabu tofauti. Hewa ya moto hutoka pale ambapo shinikizo la juu ya boneti ni dogo kuliko la chini yake. Kwa magari mengi ni theluthi ya mbele ya boneti, nyuma kidogo ya ukingo. Karibu na kioo cha mbele upepo unagonga na kurundikana, shinikizo linapanda. Kwa sababu hiyo ule mtindo wa kuinua nyuma ya boneti kwa washa unanisikitisha: gari likisimama joto linatoka kweli, lakini likikimbia hewa inaingia badala ya kutoka. Tena hapo chini ya waipa ndipo kabini inapovutia hewa yake. Injini ikivuja mafuta au moshi, watoto wako wa kiti cha nyuma wanauvuta.

Usikisie mahali. Bandika nyuzi fupi za sufi kwa utepe wa karatasi wenye gundi, kila sentimita 10, boneti nzima, rafiki aendeshe na wewe upige video kutoka gari la pembeni barabarani pasipo msongamano. Nyuzi zinazolala bapa kuelekea nyuma zinaonyesha upepo unaoteleza vizuri. Zinazocheza au kurudi mbele zinaonyesha mahali pa kuepuka. Ukiwa na ule mpira wa U, unaweza kulinganisha juu na chini ya boneti, ila hapa unatafuta milimita, kwa hiyo ulaze mkono mmoja upande ili usomeke.

Hatua ya 6: Kukata

Toa boneti kwenye gari ukiweza. Igeuze uchore mbavu zake za ndani, kwani hizo ndizo zinazoipa ukakamavu na kuifanya ijikunje inavyotakiwa kwenye ajali. Matundu yakae kati ya mbavu. Angalia kilicho chini: koili za plagi, alteneta, betri na kompyuta visikae moja kwa moja chini ya tundu. Kama haiepukiki, tengeneza sinia la bati lenye mfereji unaomwaga maji ya mvua pembeni.

Bandika utepe wa karatasi wenye gundi, chora, toboa pembe kwa keekee, kata polepole, lainisha kwa tupa, kisha paka praima ya zinki siku hiyo hiyo kwenye kila ukingo ulio wazi. Kutu haisubiri kesho. Boneti ya faiba nayo ifungiwe pini mbili za ziada, kwa maana kufuli la asili lilitengenezwa kushika bati. Kaa kwenye kiti cha dereva kabla ya kufunga chochote kilichoinuka: kama kinakuficha mtoto aliyesimama mbele ya gari, kishushe. Na uulize ukaguzi wa magari na bima yako kabla, kwani mabadiliko ya boneti huguswa na sheria sehemu nyingi.

Hatua ya 7: Rudia vipimo

Rudia kila kitu cha hatua ya 2, mlima uleule, mzigo uleule, saa ileile ya siku. Joto la hewa likiwa halijashuka na mbano haujapungua, rudisha cha asili bila aibu. Baada ya siku chache za vumbi, fungua bomba upande wa injini, pitisha kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na vumbi, usiendeshe tena mpaka umepata linapopenyea. Mara nyingi ni ukingo wa filta au klipu iliyokaa mshazari.