Mrefu na unataka kuunda ndege yako? Anza kupima ukiwa umekaa

Kama we ni mrefu na unataka kujiundia ndege ndogo, usihangaike kuuliza eti mtu wa sentimita 193 anaenea humo, jibu halitakusaidia. Watu wawili wa urefu huo, mmoja ana kiwiliwili kirefu mwingine ana miguu mirefu, na kila mmoja atabanwa sehemu yake. Kaa kwenye stuli ngumu, mgongo ugande ukutani, mtu aweke kitabu kichwani akupimie toka stuli mpaka kitabu, halafu matako mpaka goti, halafu goti mpaka kisigino na viatu unavyovaa ukirusha ndege. Juu ya kichwa ongeza hedseti na walau sentimita 5 za nafasi tupu. Hiyo nafasi watu wanaisahau sana, afu siku hewa ikichafuka ndege inashuka ghafla we unabaki juu, kichwa kinagonga kanopi, kile kifuniko cha kioo juu ya rubani.

Kabla hujalipa chochote chukua vipimo vya kokpiti, yaani sehemu anapokaa rubani, uiunde kwa plaiwudi na maboksi, ukae humo saa nzima. Sukuma pedali moja ya miguuni, zile za kugeuza usukani wa mkiani, mpaka mwisho, ile nyingine itarudi na goti la upande huo litapanda, hapo ndo utajua kama linagusa dashibodi. Vuta stiki, ule mkono wa kuongozea ndege, mpaka tumboni kisha ilaze kulia na kushoto, ikikwama kwenye paja maana yake huna udhibiti kamili, na hilo si jambo la kuzoea. Wenye nyayo kubwa muangalie pia vidole visikanyage breki bila kukusudia.

Sasa ukikuta imebana. Kusogeza pedali mbele ndo rahisi zaidi kama muundo unaruhusu. Kulaza mgongo wa siti kunashusha kichwa, mbunifu wa ndege Burt Rutan alilaza siti za Long-EZ, ndege yake ndogo ya kujiundia, sana tu, ila kusogeza siti yenyewe nyuma kunahamisha kitovu cha uzito, yaani pale ndege inaposawazika. Rubani wa kilo 100 akirudi sentimita 5 kwenye ndege yenye uzito wa kilo 500 jumla, kitovu kinarudi sentimita 1, na kwenye ndege ndogo hiyo si kidogo, kwa hiyo piga hesabu upya kila unaposogeza.

Kitu ninachowasihi msifanye ni kung'oa sponji ya siti ili mpate nafasi ya kichwa, maana ndege ikitua kwa kishindo uti wa mgongo ndo unapokea kila kitu. Weka sponji nyembamba lakini ngumu, ile inayobonyea taratibu, laini haikulindi. Mkanda wa bega nao uangalie upya, ukifungwa nyuma chini sana ya usawa wa bega, siku ya ajali unakukandamiza kwenda chini badala ya kukuzuia. Na kama kuna bomba la kulinda kichwa ndege ikipinduka, kichwa lazima kiwe chini yake, kikizidi na siti haishuki tena basi tafuta muundo mwingine.