SOMO: Mafuta yanayolainisha plastiki na uzazi wako, anza kuyapunguzia jikoni

Habari wakuu. Mi sio daktari, nimefanya miaka minne kwenye kiwanda kidogo cha viatu vya plastiki na mipira ya maji, kazi yangu ilikuwa kuchanganya. Unga wa PVC, aina ya plastiki, ukiuyeyusha wenyewe unatoa kitu kigumu kama bomba, sasa ili upate kiatu kinachokunjika lazima umwage mafuta, kilo 100 za unga kwa kilo 50 mpaka 60 za mafuta hivi. Sisi tuliyaita DOP, wataalamu wanaita DEHP, ni mmoja tu wa ukoo mkubwa unaoitwa thaleti. Glavu hamna, mikono ikinata unanawa na dizeli maisha yanaendelea. Nimekuja kuyasoma mke wangu aliposhika mimba, na ndo nikaanza kuogopa.

Kabla ya hatua elewa hiki kitu kimoja. Yale mafuta hayajaungana na plastiki, yamekaa katikati yake kama maji kwenye sponji, kwahiyo yanahama pole pole, na yanahama haraka zaidi yakikutana na joto au mafuta mwenzao. Kile kitambaa cha plastiki cha mezani ambacho kikizeeka kinakakamaa na kupasuka, mafuta yake yameshahamia kwenye vumbi, kwenye mikono na kwenye chakula chako.

Yakiingia mwilini baadhi yake yanabana utengenezaji wa testosteroni, homoni ya kiume. Kwa panya hii haina ubishi, dume akiyapata akiwa tumboni kwa mama yake anaweza kuzaliwa na kende hazijashuka au tundu la mkojo limekaa sipo. Kwa binadamu huwezi kumnywesha mtu sumu ukaangalia, unapima mkojo tu. Mwaka 2005 Shanna Swan na wenzake Marekani walikuta mama mwenye thaleti nyingi kwenye mkojo wakati wa ujauzito, mtoto wake wa kiume alikuwa na umbali mfupi kati ya njia ya haja kubwa na uume, na hiyo ni dalili kwamba homoni za kiume zilipungua. Watafiti wa Boston wakakuta wanawake wa IVF, yani wanaotungishiwa mimba maabara, wenye DEHP nyingi wanatolewa mayai machache. 2022 zikaunganishwa tafiti 16 za Marekani, wajawazito zaidi ya 6,000, uhusiano na kujifungua kabla ya muda ukaonekana. Ni uhusiano wakuu, sio hukumu.

Habari njema ni kwamba thaleti hazikai mwilini, ndani ya siku moja mbili nyingi zimetoka na mkojo. Shida ni kwamba kesho unaingiza zingine.

HATUA YA 1, jikoni, hapa ndo penyewe. Mafuta ya kupima dukani, angalia ule mpira laini unaoona mpaka ndani unaopitisha mafuta kutoka kwenye pipa, mara nyingi ni PVC, yani mafuta ya kula yanashinda humo kutwa. Bora ununue yaliyofungwa kwenye dumu gumu. Na chochote cha moto chenye mafuta, supu, pilau, maziwa, kiende kwenye bati, glasi au udongo.

HATUA YA 2, geuza chombo usome namba kwenye pembetatu. 3 ni PVC, weka mbali na chakula. 2 na 5 hazihitaji kulainishwa na haya mafuta.

HATUA YA 3, manukato. Thaleti nyingine inatumika kushikilia harufu isipotee haraka, mjamzito apunguze pafyumu na losheni za kunukia.

HATUA YA 4, deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia vumbi kavu, watoto wanatambaa humo.

HATUA YA 5, kama unafanya kazi kama yangu ya zamani, vaa glavu na nguo za kazi ziishie kazini, usimbebe mtoto nazo.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, maji ya chupa yaliyoshinda juani kwenye gari vipi?
Zile chupa ni namba 1, PET. Jina lake refu lina neno linalofanana na thaleti ndo maana watu wanachanganya, ila kilainishi hakiwekwi. Mi joto kali silipendi, ila chupa ya maji sio adui namba moja.

Mi nafunika wali na nailoni uive vizuri, nimekwisha?
Dada hujaisha. Nailoni za kawaida nyingi ni polietilini, hailainishwi na DOP. Ila iliyotengenezwa na mabaki hujui imebeba nini, tumia sufuria lenye mfuniko au jani la mgomba.

Miaka mitatu ya ndoa hatujapata mtoto, itakuwa ni plastiki?
Kaka usiende huko. Kuziba mirija, maambukizi, mishipa ya korodani kuvimba, hivyo ndo vinaangaliwa kwanza. Nendeni wote wawili, na wewe upime mbegu, usimtume shemeji peke yake. Ukibadilisha mazingira ujue mbegu inachukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwahiyo usirudi kupima wiki ijayo.

Wife ana wiki 20, tumechelewa?
Kwa maumbile ya mtoto wa kiume kipindi nyeti kinakadiriwa wiki ya 8 mpaka 14, hicho kimepita. Ile ya kujifungua mapema bado inawahusu, anza na mafuta ya kupikia leo.

Nimesikia hata mifuko ya dripu inayo, nikatae?
Ni kweli, mingi ni PVC na DEHP inaweza kufika theluthi ya uzito wake. Usikatae! Ukiwa umeishiwa maji au damu, hiyo dripu ndo inakutoa kaburini, thaleti yake utaikojoa kesho.