Viazi lishe: pata marando kwanza, kisha mpishi, ndipo utafute soko

Kila Agosti simu yangu huanza kuita, na swali huwa lilelile: "Mama, nikilima viazi lishe nitamuuzia nani?" Nami hurudisha swali: "Mvua ikinyesha wiki ya kwanza, marando utayatoa wapi?" Hapo mtu hunyamaza. Viazi lishe ni viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani na vitamini A nyingi, na marando ni mashina yake tunayoyakata na kuyapanda.

Nazalisha marando Misungwi, kando ya kibonde ambacho hubaki na maji mpaka karibu na mwisho wa kiangazi. Nilianza mwaka 2011. Tangu hapo nimeona viazi hivi vikikataliwa, vikipendwa, vikipotea kabisa katika vijiji viwili na kurudi tena. Walionipigia simu mwaka jana niliwaeleza kwa mdomo mmoja mmoja hadi sauti ikakauka, basi leo naandika.

Chagua aina ambayo baba mwenye nyumba ataila

Msimu wa kwanza mradi mmoja ulituletea aina yenye rangi iliyokolea kama karoti, tamu sana, lakini yenye maji mengi. Watoto walimaliza sahani. Wazee walionja kipande kimoja wakakiweka chini: "Hili ni boga." Kwetu Usukumani numbu, yaani kiazi kitamu, ni ile kavu, yenye unga, inayokukwama kidogo kooni mpaka uombe maziwa ya mgando. Isiyo na unga haiwezi kuwa mlo wa mchana, hata ikiwa na vitamini kiasi gani. Msimu uliofuata wenzangu wengi waliyalisha ng'ombe yale marando, na sikuwalaumu.

Kwa hiyo usimpe mtu rando kabla hajaonja kiazi chake. Tafuta viazi vya aina tatu au nne, chemsha kila aina kwenye sufuria yake, panga kwenye sinia bila kutaja majina, kisha ita akina mama, akina baba na watoto. Kila mmoja aweke punje ya hindi kwenye bakuli la kiazi alichokipenda. Punje za akina baba zihesabu peke yake, maana wao ndio watakaoamua kama sehemu ya shamba itatolewa.

Kwetu ilishinda aina iitwayo Kabode. Hii ilitoka Uganda, kwa kina Robert Mwanga, yule mtafiti aliyepata Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis kwa kazi ya mazao yenye lishe. Ejumula ina unga zaidi kwa ulimi wangu, na wazee huisifu sana, lakini inaugua virusi upesi. Kama mashamba ya jirani yana viazi vya zamani vyenye majani yaliyosinyaa, iache. Mataya na Kiegea nazo zipo, zionjwe.

Suala la rangi linahitaji subira. Watu wa umri wa mama yangu wanakumbuka unga wa Yanga, yale mahindi ya njano ya msaada wakati wa njaa, na chakula cha msingi chenye rangi ngeni huwakumbusha shida. Usibishane nao, waonjeshe tu. Rangi hiyohiyo ndiyo itakayokuinua sokoni. Maharage yenye madini mengi ya chuma, kama Jesca au Selian 14, yakishachanganywa guniani na mengine hakuna jicho litakaloyatambua, na aliyeyalima hapati hata shilingi ya ziada. Kiazi lishe kikikatwa katikati kinajitaja chenyewe.

Marando

Mahindi unayaweka kwenye debe, unafunga, unalala. Rando ni kitu hai, siku tatu za jua zinatosha kuliua. Huku Kanda ya Ziwa kiangazi hushika kuanzia Juni, mbuzi huachiwa huru baada ya mavuno, na kila jani bichi lililobaki shambani huliwa. Vuli ikianza Oktoba au Novemba, mwenye marando anapanda. Asiye nayo anasubiri mpaka Januari, machipukizi ya viazi vilivyosahaulika ardhini yatambae, na mengi ya hayo ni ya viazi vyeupe. Hivyo ndivyo vile vijiji viwili vilivyopoteza viazi lishe. Watu walikuwa wanavipenda, ila udongo ulipolowa hawakuwa na cha kupanda.

Niliwahi kuona lori la marando ya bure likifika katikati ya Januari. Mzigo ulikuwa umekaa siku nne chini ya turubai, ukifunua unatoa mvuke na majani yamekuwa meusi. Tulipanda hivyohivyo. Machache yalishika. Ndiyo maana nasema marando yazalishwe pale yatakapopandwa, na mtu wa palepale.

Ukiwa na maji ya kumwagilia, fanya hivi. Nunua marando safi ya kuanzia. Uliza vituo vya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, vya Ukiriguru au Kibaha, au muulize afisa ugani akuelekeze kwa mzalishaji wa mbegu za kuazimiwa ubora aliyesajiliwa na kukaguliwa na TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu. Hiyo ndiyo mimea mama, ipande kwenye kituta kidogo, uweke fito za kupinda juu yake na kuifunika kwa neti yenye matundu madogo, ukizika kingo zote kwenye udongo. Neti inawazuia inzi weupe na vidukari, ambao ndio wanaobeba virusi kutoka mmea hadi mmea. Ukiona mmea una majani madogo, ya njano, yaliyojikunja, ung'oe siku hiyohiyo na uufukie mbali. Usiuonee huruma, ukibaki utaambukiza kitalu kizima.

Kutoka kwenye mimea mama, kata vipande vyenye vifundo vitatu na uvipande kwenye sesa, yaani tuta bapa, ya upana wa mita 1, nafasi ya sentimita 10 kwa 20. Mwagilia asubuhi na jioni mpaka vishike, kisha punguza. Baada ya wiki 6 hadi 8 unakata marando ya kuuza. Kata sentimita 20 hadi 30 kuanzia ncha, acha shina la chini lichipue tena. Fukusi, mdudu anayetoboa viazi, hutaga kwenye shina kuukuu karibu na udongo, kwa hiyo ukikata karibu na ardhi unamuuzia mteja rando pamoja na mdudu.

Kuhusu bei, nimejaribu kugawa bure na nimejaribu kuuza. Ya bure yalipandwa palipobaki, mara nyingi chini ya mgomba au pembeni mwa choo. Ya kuuza yalipandwa kwenye tuta. Lakini wapo wasio na fedha Oktoba, mwezi ambao ghala ni tupu, na hao mara nyingi ndio wenye watoto wadogo. Kwao tumia mkopo wa marando: anachukua mafungu mawili, na msimu ukifika katikati anakata mafungu manne kwa majirani wawili unaowataja. Andika kwenye daftari mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Daftari langu la kwanza lilikuwa na majina 14, na karibu wote walirudisha.

Chukua oda kuanzia Agosti, na upokee hata malipo kidogo ya awali. Ukiwa na orodha unajua sesa ngapi za kuandaa.

Shambani

Hapa sitakaa sana, kulima viazi tunakujua. Matuta ya nafasi ya mita 1, mche hadi mche sentimita 30, theluthi mbili ya rando iingie udongoni. Udongo ukipasuka juu ya kiazi, ziba ufa kwa jembe, maana fukusi huingia hapo. Kabode iko tayari baada ya miezi minne hivi, usiiache ardhini ukisubiri bei. Na kama unataka kuuza kwa muda mrefu, usipande shamba zima siku moja. Panda sehemu, subiri wiki tatu, panda nyingine.

Mpishi aje kabla ya mnunuzi

Kosa nililolifanya miaka miwili ni kubeba magunia hadi Mwanza na kuanza kuwaeleza wachuuzi habari za vitamini A. Mchuuzi anataka kujua kitu kimoja: nani atakinunua kwake? Nikarudi nyuma, nikaanza na wanaopika.

Wa kwanza alikuwa jirani yangu anayekaanga maandazi karibu na stendi ya Usagara. Tulichemsha viazi na maganda yake, sufuria imefunikwa, tukamenya vikiwa na moto, tukaponda mpaka vikawa rojo laini lisilo na nyuzi. Vikombe viwili vya rojo kwa vikombe vitatu vya ngano, hamira na chumvi kama kawaida, sukari nusu ya aliyoizoea. Maji usiweke kwanza. Kanda, kisha ongeza kwa kijiko ukiona unga umebaki mkavu, maana kiazi chenyewe kina maji. Maandazi yalitoka ya rangi ya dhahabu, na kesho yake asubuhi yalikuwa bado laini. Yeye hakuuliza habari ya vitamini. Alihesabu ngano aliyookoa kwenye mfuko mmoja, akaniambia nimletee sado mbili kila Jumanne na Ijumaa. Huyo ndiye mteja wangu wa kudumu wa kwanza, na akina mama lishe wengine walimfuata yeye, hawakunifuata mimi.

Wazo hili limefika mbali. Rwanda, kampuni ya Urwibutso ya Sina Gérard imetengeneza biskuti za viazi lishe, na Kenya rojo hili limewahi kutiwa kwenye mkate wa maduka makubwa. Lakini kiwanda kinataka mzigo uleule kila wiki, na kijiji kisichoweza kumtosheleza muuza maandazi kisijifunge kwenye mkataba wa kiwanda.

Mlango wa pili ni kliniki. Muombe muuguzi nafasi siku ya kupima watoto uzito, uende na viazi vilivyochemshwa na karanga zilizosagwa. Waeleze akina mama kwa maneno machache: matone ya vitamini A hutolewa mara mbili kwa mwaka, lakini mtoto anakula kila siku, na kiazi lishe kidogo cha gramu 125 hivi kinatosha mahitaji ya vitamini hiyo kwa mtoto mdogo kwa siku. Kiliwe na kitu chenye mafuta, karanga, maziwa au mboga iliyoungwa, kwa sababu bila mafuta mwili hauichukui vizuri. Hapa ndipo pa kuzungumzia afya, na mama atakusikiliza kwa sababu mtoto yuko mgongoni. Kule sokoni zungumzia utamu na unga.

Sokoni

Sasa nenda Buhongwa, Igoma au soko lolote lililo karibu nawe. Panga viazi kwa ukubwa, vilivyotobolewa na fukusi vibaki nyumbani. Usivioshe vyote, vikioshwa vinaoza upesi. Osha vichache vya juu, na kimoja kikate katikati ukiweke juu ya fungu ili rangi ionekane. Jirani yako akiuza vyeupe, uza fungu kwa bei yake ileile miezi ya kwanza. Mteja akishakipenda atakulipa zaidi, ila usianze kwa kumtoza kwa kitu asichokijua. Weka vilivyochemshwa kwenye hotipoti aonje.

Lumbesa ikatae. Dalali atakuambia gunia bila kilemba halinunuliki, na ukimkubalia unampa bure viazi ambavyo mtoto wako angekula wiki nzima. Tulinunua mzani kwa kuchangishana wanawake tisa. Tangu hapo tunauza kwa kilo, na dalali asiyetaka kilo tunamwacha apite. Tuliweza kwa sababu tulisimama pamoja. Mmoja peke yake ana viazi vinavyoharibika baada ya wiki moja, na dalali analijua hilo.

Vinavyobaki, tengeneza michembe au matobolwa, yaani viazi vilivyokatwa na kukaushwa, kama mama zetu walivyofanya, kwa badiliko moja: kausha kivulini penye upepo, juu ya kichanja, siyo juani kwenye mwamba. Jua kali linapausha rangi na kula vitamini. Vilevile usihifadhi miezi mingi, vitamini huendelea kupungua hata kwenye gunia zuri. Uza au kula mapema.

Siku ya kuvuna

Kabla mnunuzi hajafika, ingia kwenye matuta yenye mimea iliyokuwa na afya tangu mwanzo na utoe viazi 40 vya ukubwa wa kati, visivyo na jeraha wala tundu. Hivi haviuzwi. Njia hii ya kupata marando ni kwa wewe usiye na bonde wala kisima, na imejaribiwa na wakulima wa huku kwetu na wa Uganda.

Chukua beseni kuukuu au ndoo. Tandaza mchanga mkavu uliopoa, panga viazi visigusane, funika kwa mchanga, panga tena, malizia kwa mchanga. Weka ndani ya nyumba, pembe yenye ubaridi, mbali na kuku na panya. Kila mwezi mwaga taratibu, toa kilichooza, pukusa machipukizi yaliyotoka mapema, rudisha. Inapobaki miezi miwili mvua ianze, kwetu ni katikati ya Agosti, uvipande karibu na nyumba kwenye shimo refu la kina kifupi, nafasi ya nusu mita, uzungushie miiba dhidi ya mbuzi. Maji ya kuoshea vyombo yanatosha, mradi hayana sabuni nyingi. Viazi 40 vikitunzwa hivyo hutoa marando zaidi ya elfu moja. Oktoba wingu likianza kujikusanya upande wa ziwa, noa kisu.