Kuendesha Kikundi cha Isukuti cha Kujitolea, Kakamega

Isukuti ni ngoma ya asili ya Waisukha na Waidakho, jamii za Waluhya wa magharibi mwa Kenya. Sajilini kikundi kwanza: Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Akaunti iwe na watia saini 3, pesa zitoke kwa saini 2. Kinachovunja vikundi ni nauli. Kubalianeni kabla ya kuitikia mwaliko, na mpokee nusu ya malipo mapema.

Isukuti hupigwa kwa ngoma 3: kubwa, ya kati na ndogo. Kila moja iwe na wapigaji 2, maana mmoja akikosa, mazoezi yamelala. Ngozi ikilegea kwa unyevu, ikausheni juani au kando ya moto, polepole. Ikikaribia mno hupasuka. Waiteni wazee wa Isukha na Idakho wafundishe nyimbo, nanyi mzirekodi kwa simu. Tangu 2014 UNESCO inaihesabu isukuti kuwa urithi unaohitaji kulindwa haraka.