Hadithi nyingi, soko moja

Mkiandika pamoja kitabu cha hadithi fupi zinazoshiriki wahusika, kila mwandishi na hadithi yake, anzeni na mahali, wahusika watafuata. Sisi tulichukua soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili linapofurika. Kila mwandishi alete mhusika wake na kuazima mmoja wa mwenzake. Muuza omena wangu anapita tu kwenye hadithi ya mwenzangu, akidai deni la shilingi 200. Kule anaonekana katili. Kwangu ni mama anayesaka karo. Utamu wote uko kwenye tofauti hiyo, msiisawazishe.

Wekeni daftari moja la umri, makovu, madeni na nani humwita nani shemeji. Mtu asimuue mhusika wa mwenziwe bila ruhusa (wapo wanaopenda sana kuua). Mhariri awe mmoja, mkali, asiye na hadithi humo. Mpangilio uamueni mwisho, zote zikishasomwa kwa sauti.