Somo: Present simple, tuanze na HU yetu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wengi mnaofanya kazi hoteli za Nungwi na Paje, na mnaotembeza wageni Mji Mkongwe, mmeniomba somo la present simple, yaani wakati wa Kiingereza wa kusemea mambo ya mazoea. Naomba mtulie nalo, maana ukiukosea wakati huu, kila unalomweleza mgeni kuhusu kazi yako na kwenu linapinda.

Hatua ya kwanza, pima kwa HU. NA yetu hubeba mambo mawili. "Mama anaanika karafuu" yaweza kuwa yuko uani sasa hivi na majamvi yake, au ndiyo kazi yake kila msimu. Kiingereza huyatenganisha. Basi iseme kwa HU: "Mama huanika karafuu." Kama maana uliyokusudia imebaki ileile, sema "My mother dries cloves." Kama ulikusudia yuko juani wakati huu, hiyo ni "My mother is drying cloves", na ina somo lake. Usichomeke am katika mazoea: "I am work in Paje" si Kiingereza, sema "I work in Paje."

Hatua ya pili ni S, na hapa ndipo penye kazi. HU haibadiliki: mimi huvua, yeye huvua, wao huvua. Ndiyo maana S hutuponyoka. Kiingereza husema I fish, you fish, we fish, they fish, lakini he fishes. Kwa he, she, it, na mtu au kitu kimoja kinachosemwa, tia S: "My brother sells octopus at Darajani." Kitenzi kikiishia na sh, ch, ss, x au o, huwa es: washes, catches, goes. Y iliyotanguliwa na konsonanti hugeuka ies, kama dries. Ikitanguliwa na irabu hubaki, kama buys. Have huwa has. Na itamkeni! Wengi huiandika vizuri, kisha mdomoni wanaimeza.

Hatua ya tatu, kukanusha na kuuliza: do au does. "He doesn't sell." S imeshahamia kwenye does, kitenzi kimebaki kitupu, "doesn't sells" ni kosa. Kuuliza vilevile: "Does the boat stop at Mkoani?"

MASWALI

Mwenzetu wa Wete: Maalim, mbona boti ya kesho wameandika leaves, na kesho haijafika?

Jibu: Ratiba iliyokwisha kupangwa hutumia wakati huu hata kwa kesho: "The boat leaves at seven tomorrow." Na tahadhari na saa. Saa moja asubuhi yetu ni seven yao. Ukimwambia mgeni one, atafika bandarini saa saba mchana na boti imeshakwenda.

Dada mkulima wa mwani, Jambiani: "Najua" siwezi kuitia HU. Niseme I am knowing?

Jibu: Hapana dada. Umegusa pale kipimo changu kinapokwama. Know, want, like, need, understand hukaa kwenye present simple hata kama ni sasa hivi: "I want water." Hayo yashike kwa moyo.

Kijana wa Chake: Always na usually naziweka wapi?

Jibu: Kabla ya kitenzi: "We usually work at low tide." Lakini baada ya am, is, are: "The market is always busy." Andika sentensi zako hapo chini nikuangalizie.