Umeitwa kwenye juri na hutaki hatua zako za kutembea zishuke? Fanya hivi

Kama unaishi Marekani, uraia ushachukua, na barua ya mahakama imeingia nyumbani ikikuita kwenye juri, yaani lile kundi la raia wa kawaida wanaosikiliza kesi na kutoa uamuzi, basi jiandae kukaa. Yaani kukaa kweli kweli. Unakaa kusubiri jina lako lisomwe, likisomwa unaenda kukaa mahali pengine mawakili wakuulize maswali wakuchuje, ukipita kwenye mchujo unakaa kusikiliza mashahidi, na wakimaliza mnafungiwa chumbani mnakaa tena kujadili uamuzi. Kwa wale wanaofanya kazi nursing home, yaani nyumba za kutunzia wazee na wagonjwa, na kwenye maghala, ambao shifti moja tu miguu ishapiga hatua elfu kumi bila hata kufikiria, hii siku inachosha kuliko kazi yenyewe, na jioni ukiangalia simu unakuta kahesabu kadogo kanatia huruma.

Ntatumia mfano wa Minneapolis, kaunti ya Hennepin, jimbo la Minnesota, maana Minnesota Waswahili tupo wengi na mji wenyewe una kitu kimoja kizuri sana kwa watembeaji ntakieleza huko chini.

Ila kabla ya hatua tumalize hili la uraia. Majina ya juri huko Minnesota yanatolewa kwenye orodha ya wapiga kura, leseni za udereva na vitambulisho vya jimbo, kwa iyo hata mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaweza kuitwa kwa sababu tu ana leseni. Juri ni ya raia peke yake. Kama we si raia usiitupe barua na usiende kukaa huko, jaza fomu, weka alama kwamba si raia, irudishe. Kusema we ni raia wakati sio kunaweza kukuharibia makaratasi yote uliyohangaikia miaka, na hapo hatutakuwa tunaongelea hatua tena. Raia mwenye miaka 70 na kuendelea anaweza kuomba aachwe, na kama umetumikia ndani ya miaka 4 iliyopita sema pia. Bosi naye haruhusiwi kukufukuza kwa sababu umeitwa, ila kukulipa siku hizo ni kitu kingine, muulize mapema, na kama unapiga shifti za usiku mwoneshe barua akubadilishie ratiba, usijaribu kutoka kazini saa moja asubuhi ukaenda kusinzia mbele ya jaji.

Haya, hatua sasa. Ile namba ya hatua elfu kumi kwa siku ambayo watu wanaifukuzia isikupe presha. Ilianzia Japani miaka ya 60, kampuni moja ilitoa kifaa cha kuhesabia hatua mwaka 1965 na jina la kifaa ndo lilibeba hiyo elfu kumi, haikuwa amri ya daktari. Utafiti uliotoka Marekani mwaka 2019, uliofuatilia wanawake wazee zaidi ya elfu 16, ulikuta faida ya kuishi zaidi inapanda na hatua mpaka kwenye kama 7,500 hivi kisha inatulia. Kwa siku ya mahakamani mimi naona 7,500 ni heshima kabisa.

Tatizo kubwa ni kifaa. Kwenye mahakama nyingi za serikali kuu simu hazipiti mlangoni, za kaunti mara nyingi unaingia nayo ila unaizima kesi ikianza, na mkienda kujadili uamuzi simu zinakusanywa, na saa janja nayo ni simu tu iliyovaliwa mkononi, inapokea meseji, inaingia intaneti, kwa iyo usishangae ikichukuliwa. Soma maelekezo yaliyokuja na barua, na ukifika muulize askari wa mahakama au karani. Njia rahisi ni kununua pedomita, kale kadude ka kuhesabia hatua, ya kubana kiunoni, ile ya kizamani isiyo na bluetooth wala nini, bei yake ndogo. Hata hiyo ioneshe mlangoni na uombe ruhusa.

Na kama wamechukua vyote, hesabu kwa dakika. Mwendo wa haraka kidogo, ule wa mtu anayewahi daladala lakini hataki kuonekana anakimbia, ni kama hatua 100 kwa dakika. Dakika kumi ni elfu moja. Hii ndo siri yenyewe, ukiijua hii huna haja ya kugombana na mtu mlangoni kwa ajili ya saa, maana saa ya ukutani inatosha. Asubuhi shuka treni kituo kimoja kabla, au paki mbali ambako pia ni nafuu, tembea dakika 15, hiyo 1,500. Mapumziko mafupi ya asubuhi na mchana, zunguka korido dakika tano tano, elfu moja. Mapumziko ya chakula tembea nusu saa, elfu tatu. Jioni dakika ishirini, elfu mbili. Ushafika 7,500 na hapo bado hujahesabu za jikoni na za kupanda ngazi.

Sasa kile kitu kizuri cha Minneapolis ni Skyway. Ni madaraja ya juu yaliyofunikwa vioo, ghorofa ya pili, yanaunganisha majengo ya katikati ya mji, yalianza 1962 na sasa yote pamoja ni kama kilomita 15. Jengo la mahakama, Hennepin County Government Center, limeunganishwa humo. Maana yake Januari nje kuna baridi ya kugandisha kope we unatembea ndani na shati lako, unapita maduka, benki, vyakula, unarudi hujakanyaga theluji. Ila ni rahisi kupotea humo, kila kona inafanana na nyingine, kwa iyo nenda dakika 15, angalia saa, geuza njia ile ile. Usijifanye mjuzi wa shortcut. Juri nzima haiwezi kuendelea mtu mmoja akikosekana, jaji, mawakili na mashahidi wote watakuwa wanakusubiri we umepotelea kwenye duka la viatu. Na chakula beba nyumbani, foleni ya mgahawa itakula dakika zako zote, chapati yako na maharage unamaliza dakika kumi.

Kuna mambo ya kutembea ambayo ukiwa kwenye juri hayafai kabisa, na hapa sikilizeni vizuri. Usiende kutembea eneo la tukio. Hata kama ni mtaa wako, hata kama ndo njia yako ya kila jioni, badilisha njia mpaka kesi iishe, maana jaji atawakataza kwenda kuchunguza wenyewe na mtu mmoja akienda kupima umbali kwa hatua zake kesi nzima inaweza kufutwa ianze upya. Ukitembea na wenzako wa juri mchana ongeeni mpira, ongeeni bei ya nyumba, kesi hapana, mpaka mruhusiwe kujadili, tena mkiwa wote chumbani. Ukikutana na wakili kwenye lifti ukamsalimia asikujibu usimwone hana adabu, amekatazwa kuongea na nyie. Najua kwetu kupita mtu bila salamu ni dharau, lakini hapo pita tu. Na zile apu zinazorusha ramani ya ulikotembea kwa kila mtu, Strava na ndugu zake, zima kwa muda. Kundi la WhatsApp la kushindana hatua waambie uko juri wiki hii basi, kesi gani wasijue.

Ukiwa ndani ya chumba cha kesi acha kabisa habari ya hatua. Saa janja kama Apple Watch na Fitbit zina tabia ya kukukumbusha usimame, kama dakika kumi kabla ya saa kamili, sasa fikiria shahidi analia pale mbele we mkono unatetemeka unaambiwa inuka. Zima hayo makumbusho asubuhi kabla hujatoka. Kutikisa mkono ili saa ihesabu nako acha, watu wanakuona, na hatua za uongo zinamsaidia nani? Ukiwa umekaa unaweza kuzungusha vifundo vya miguu taratibu na kukaza mapaja, damu itembee. Kama una kisukari, presha, miguu inavimba au una mimba, andika kwenye fomu mapema au mwambie karani, watakupangia mapumziko, na katikati ya kesi ukizidiwa nyoosha mkono. Chumba cha kujadili kina uhuru kidogo, unaweza kusimama nyuma ya kiti chako, kuzunguka meza wakati mwenzako anaongea, ila waulize wenzako kwanza kama hauwasumbui.

Jioni ukirudishiwa simu, hatua ulizohesabu kwa dakika unaweza kuziingiza kwa mkono kwenye apu ya afya. Ila mashindano mengi hayakubali zilizoandikwa kwa mkono, kwa iyo zawadi ya mwezi huo waachie wengine.